Mtoto asigeuzwe mkalimani wa nyumba

Ukipiga simu kwa familia ya Kikongo iliyohamia Marekani, miji kama Lexington, Boise au Abilene, na ukaanza kuongea Kiingereza, mara nyingi mama hatakujibu. Ataita mtoto. Simu itachukuliwa na binti wa miaka 11 au 12, atakuuliza unatoka ofisi gani, atasikiliza, kisha ataamua mwenyewe ni kiasi gani cha maneno yako kimfikie mama yake. Watu wa ofisi humsifu, huyu mtoto ana akili. Wazazi nao huona fahari. Sisi tulio kwenye kazi ya ukalimani wa hospitali na shule tunaona hapo ndipo yanapoanzia matatizo mengi ambayo baadaye huletwa kliniki kwa majina mengine: mama hali chakula, baba amenyamaza, mtoto hasikii la mtu.

Tuanze na jinsi pengo linavyofunguka. Wakongo wengi waliopelekwa Marekani kwa mpango wa wakimbizi walitokea Kivu Kusini, hasa Fizi na Uvira, wakakaa miaka mingi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Wengine wametokea Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, au Kakuma nchini Kenya. Wazazi wana Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge cha nyumbani, na Kiswahili cha soko na kanisa. Wakifika Marekani, mtoto anakaa na Kiingereza darasani kutwa nzima. Baba anaingia zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama au ghala, pahali ambapo mashine zinapiga kelele na jirani yake kazini naye ni mgeni asiyejua lugha. Mama yuko nyumbani na mdogo wa kunyonya. Ikipita miaka miwili, mtoto anasoma barua ambazo mzazi hawezi hata kujua zimetoka wapi.

Sasa mpeleke mama huyo kliniki. Mkimbizi mpya hushauriwa kupimwa afya ndani ya siku 90 za kwanza, na kliniki nyingi hutumia hapo dodoso liitwalo RHS-15, lililotengenezwa Seattle mahsusi kwa wakimbizi wa kuanzia miaka 14. Maswali 14 yana majibu ya alama 0 hadi 4, na la 15 ni mchoro wa kipimajoto chenye 0 hadi 10 ambapo mtu anaonyesha uzito wa anayobeba. Jumla ikifika 12 kwenye yale 14 ya kwanza, au kipimajoto kikifika 5, mtu anapaswa kupelekwa kwa mtaalamu. Ziara za baadaye daktari wa kawaida hutumia PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla kuu 27. Kuanzia 5 ni sonona (depression) hafifu, 10 ya wastani, 15 ya wastani inayoelekea kuwa kali, 20 kali. Daktari wengi huanza kuzungumzia matibabu kwenye 10.

Mtoto akitafsiri dodoso hili, linaharibika kwa njia zinazotabirika. La kwanza kupotea ni ngazi za majibu. PHQ-9 haiulizi kama huna usingizi. Inauliza ni mara ngapi: hakuna kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Mtoto hugeuza yote kuwa ndiyo au hapana, maana hivyo ndivyo watu wanavyoulizana nyumbani. Mama akisema ndiyo, mtoto anachagua namba mwenyewe, na kwa kawaida huchagua ndogo kwa sababu hataki mama aonekane mgonjwa. Maswali 9 yakipungua alama moja moja, mtu wa 17 anaandikwa 8 na kurudishwa nyumbani na ushauri wa kutembea jioni. Linalofuata ni mama mwenyewe: hasemi ukweli mbele ya mwanawe. Yaliyompata Fizi wakati wa vita, au njiani kuelekea ziwani, hajamwambia mumewe, sembuse mtoto wa darasa la sita. Halafu kuna swali la 9, linalouliza kama katika wiki hizo mbili umewaza kwamba heri ungekufa, au kujidhuru. Mpe mtoto swali hilo amuulize mama yake. Ama ataliruka, ama ataliuliza na kulibeba jibu mpaka shuleni kesho yake. Kwa sababu ya swali hilo moja, hata pasingekuwa na sheria yoyote, mtoto asingepaswa kuwa ndani ya chumba kile.

Na sheria ipo. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake za mwaka 2024, kinakataza kliniki au hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, ikiwemo ile inayopokea Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) au Medicare (ya wazee), kumtegemea mtoto wa chini ya miaka 18 kutafsiri. Kuna mwanya mmoja tu: dharura ya hatari ya papo hapo, mkalimani akiwa bado anatafutwa. Kliniki hairuhusiwi kukuambia uje na mtu wako, wala kukutoza hata senti ya mkalimani. Ndugu mtu mzima anaweza kutafsiri ikiwa wewe mwenyewe umeomba hivyo faraghani, mbele ya mkalimani wa kazi, ndugu huyo akiwa hayupo, na naye amekubali. Mwaka 2025 ilifutwa amri ya rais ya mwaka 2000 iliyohusu huduma za lugha, kwa hiyo ukiambiwa haki hii imeondolewa, jibu ni kwamba kilichoondolewa ni amri ile. Kifungu cha 1557 na sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ziko palepale. Angalizo: mtaalamu wa akili wa binafsi asiyepokea fedha yoyote ya serikali anaweza kuwa nje ya sheria hii. Muulize kabla ya kupanga miadi.

Haki ya kwenye karatasi haileti mkalimani chumbani, lazima iombwe, na inaombwa mapema. Wakati wa kupanga miadi sema maneno haya kwa Kiingereza, hata kama ndiyo pekee unayoyajua: "Swahili interpreter, please." Omba yaandikwe kwenye faili, si kwa miadi hiyo tu. Omba na muda mrefu zaidi, kwa sababu kila sentensi inasemwa mara mbili; miadi ya dakika 20 ikiwa na mkalimani ni mazungumzo ya dakika 10. Siku moja kabla, mtu wa shirika la kupokea wakimbizi au rafiki wa kanisani apige simu kuhakikisha. Ukifika mapokezi ukaambiwa mkalimani hayupo, mwombe mhudumu atumie wa simu au wa video. Wanaweza kumpata ndani ya dakika chache. Akimnyooshea kidole mtoto, kataa kwa kichwa na urudie maneno yale yale. Si utovu wa adabu. Wazee wetu wengi hapa hulegea kwa sababu wamefundishwa kambini kwamba anayelalamika faili lake linawekwa chini ya mengine. Kliniki si UNHCR, na anayedai mkalimani hapotezi kadi yake ya kijani (kibali cha kuishi Marekani daima). Kama wamekukatalia kabisa, malalamiko hupelekwa ofisi ya haki za raia ya wizara ya afya ya Marekani ndani ya siku 180.

Mkalimani akishaingia, mambo bado yanaweza kuharibika, na kosa kubwa ni la Kiswahili chenyewe. Wengi wanaopokea simu ni Wakenya na Watanzania. Kijana aliyekulia Nyarugusu hatapata shida nao. Mzee wa Uvira au Bukavu anayetaja miaka, saa na bei kwa Kifaransa atamchanganya mkalimani wa Mombasa asiyejua Kifaransa, deux (mbili) itasikika douze (kumi na mbili), na hapo ndipo kidonge cha mara mbili kwa siku kinapogeuka mara kumi na mbili. Kwa hiyo taja kabisa: Kiswahili cha Kongo. Kama bibi anaelewa vizuri zaidi Kinyarwanda au Kirundi, omba hicho. Wakalimani wa Kibembe ni wachache mno, usikitegemee bila kutoa taarifa ya siku nyingi. Na ukiona humwelewi mkalimani, inua mkono useme humwelewi. Watu hukaa saa nzima wakiitikia kwa heshima tu.

Mazungumzo yenyewe yana utaratibu wake. Mtazame daktari, si mkalimani wala simu. Sema sentensi mbili, simama. Mkalimani atasema "mimi" akimaanisha wewe, asikushangaze. Haruhusiwi kuongeza ushauri wake, kufupisha, wala kukuombea katikati ya kazi, hata kama ni mtumishi wa Mungu. Akikwambia "hilo usimwambie daktari", omba mwingine. Mweleze daktari hali kwa mambo yanayohesabika: unaamka saa ngapi, umekosa kazi siku ngapi, sahani unayomaliza, kichwa kinauma upande gani. "Nina mawazo mengi" husemwa na kila mtu kuanzia mwenye deni hadi mwenye sonona kali, na daktari aliyezoea Waswahili anajua kuuliza zaidi, lakini wengi hawajazoea.

Hofu kuu ya watu wetu ni siri. Mji mdogo, Wakongo wanajuana, mkalimani aliyekaa nawe kliniki Jumatano ndiye anayeongoza kwaya Jumapili. Hofu hiyo si ya kijinga. Kanuni za kazi zinamfunga mkalimani kutunza siri na sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inaibana hospitali, ila njia rahisi zaidi ni kuomba mkalimani wa simu ambaye kwa kawaida yuko jimbo jingine. Jina lako hana haja ya kuambiwa. Yeye atataja namba yake ya kazi mwanzoni. Iandike, ukitaka kulalamika ndiyo itakayotumika.

Kuna wanaokwepa kabisa daktari wa akili wakidhani itaharibu karatasi za uhamiaji. Kwa mkimbizi anayeomba kadi ya kijani, kigezo cha kuwa mzigo kwa serikali hakimhusu, na kutibiwa sonona peke yake hakumzuii. Jambo la kuhofia kweli ni bima. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 inawaondoa kwenye Medicaid wakimbizi wasio na kadi ya kijani kuanzia 1 Oktoba 2026. Watoto na wajawazito hutegemea jimbo. Mwenye matibabu ya akili yanayoendelea aulize sasa kuhusu vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kwa kadiri ya kipato, asisubiri barua ya kukatiwa imkute dawa imeisha.

Usiku, mtu akizidiwa, namba ya msaada kwa mwenye shida ya akili au anayewaza kujiua ni 988, iliyoanza Julai 2022 nchi nzima. Ukipiga, rekodi ya Kiingereza itaongea. Subiri bila kubonyeza kitu. Akija mtu, sema "Swahili" na ubaki kwenye laini wakati anatafuta mkalimani. Ujumbe wa maandishi usitume kwa Kiswahili, huduma hiyo ni ya Kiingereza na Kihispania tu. Mfundishe namba hiyo mama na baba wenyewe. Mara nyingi anayefundishwa shuleni ni mtoto pekee, ikawa tena yeye ndiye mlinzi wa uhai wa mzazi.

Turudi kwa mtoto. Si kila kutafsiri kunamuumiza. Kumsaidia bibi kununua sukari, kusoma kibao cha basi, kumwambia jirani tutahamisha gari: hayo humpa mtoto raha ya kuwa wa maana, hasa akishukuriwa. Kinachomuumiza ni uzito wa habari na wajibu wa kuamua. Mstari wetu ni huu: mtoto hatafsiri ugonjwa, deni, polisi, mahakama, mwenye nyumba anayetishia kufukuza, wala habari zake mwenyewe za shule. Dalili kwamba amepitiliza zinaonekana mapema kwa anayetazama. Tumbo linamuuma siku za miadi. Anajua bili ya umeme imechelewa kiasi gani. Anawaamrisha wadogo zake kama baba. Anakosa vipindi "kumsaidia mama" na alama zinashuka. Wengine huanza kuficha barua za shule, na nani atawalaumu, ikiwa wao ndio wasomaji pekee nyumbani?

Hapo mamlaka ya mzazi inakuwa imeshaondoka bila mtu kutangaza. Mtoto aliyezungumza na mwenye nyumba asubuhi, jioni hataambiwa aende kulala. Ukimgusa anasema atapiga 911, namba ya kuita polisi. Baadhi ya baba hujibu kwa fimbo, wengine huachia kabisa na kuhamia kimya. Majibu yote mawili yanatokana na habari potofu. Hakuna jimbo linalosema mzazi hana mamlaka juu ya mtoto. Kinacholeta wachunguzi wa ustawi wa watoto ni majeraha, alama mwilini, kupigwa kwa waya au mkanda, kuachwa bila uangalizi. Mipaka hutofautiana kwa jimbo, hivyo uliza shirika lililokupokea likupe ya kwako. Wachunguzi wakibisha hodi, omba mkalimani kabla ya neno lolote. Kumtumia mtoto kutafsiri kesi inayomhusu yeye ni jambo la aibu, na bado hujaribiwa.

Shuleni utaratibu unafanana na kliniki: sheria ya 1964 na ile ya fursa sawa za elimu ya 1974 zinaitaka shule iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, na kikao cha mpango wa elimu maalumu lazima kiwe na mkalimani. Uliza kwa jina nani anashughulikia lugha wilayani kwenu.

Nyumbani, chukua boksi moja, la viatu linatosha. Kila barua inaingia humo ikiwa imefungwa, mtoto haifungui. Mara moja kwa wiki mtu mzima mmoja aliyekubaliwa, mtu wa shirika, mzee wa kanisa au jirani anayejua Kiingereza, anakaa saa moja na wazazi na kupanga: matangazo yanatupwa, bili zinaandikiwa tarehe, barua za Medicaid na uhamiaji zinashughulikiwa siku hiyo hiyo kwa sababu zina ukomo. Programu za simu za kutafsiri picha zinatosha kutambua tangazo la pizza. Kwa dozi ya dawa au barua ya mahakama zisiaminiwe, na hata kanuni za 1557 zinataka maandishi muhimu yaliyotafsiriwa na mashine yapitiwe na mtaalamu binadamu.

Liko jambo jingine ambalo boksi haliwezi kulimaliza. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu ana Kongo asiyoijua, Tanzania aliyoiona kutokea kambini tu, kwa mtaala wa Kikongo na Kifaransa cha darasani, na Marekani inayomweka darasa la tisa kwa sababu ana miaka 15. Wanafunzi weusi wenzake wanamcheka lafudhi, walimu wanamhesabu pamoja nao, nyumbani akijibu kwa Kiingereza anaambiwa amekuwa Mzungu. Mwanasaikolojia John Berry wa Kanada alitaja njia nne za mhamiaji: kuacha ya kwao na kushika ya wenyeji, kushika ya kwao pekee, kushika yote mawili, au kukosa yote. Wanaoshika yote mawili kwa kawaida wana nafuu ya akili. Tatizo letu na mchoro huo ni kwamba unasomeka kama vile mtu anachagua. Mtoto hachagui, anapewa nafasi au ananyimwa. Na tangu mpango wa kupokea wakimbizi usimamishwe Januari 2025, wengi wana kaka au bibi aliyebaki kambini ambaye hawajui atakuja lini. Simu za Kigoma zinaingia usiku kwa sababu kule kumekucha, tofauti ni saa 7 au 8 na pwani ya mashariki. Simu ya mtoto ilale sebuleni. Habari mbaya zipokelewe na mtu mzima.

Kwa Kiswahili chenyewe, kumkemea hakumrudishi. Mpe kazi isiyo ya mzigo: kusoma Maandiko kwa zamu, kumfundisha mdogo wake kuhesabu, kuongea na bibi wa kambini mchana wa Jumamosi, mambo ya kucheka tu. Akifika shule ya sekondari ya juu, amuulize mshauri wa masomo kuhusu muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha kuhitimu. Aulize akiwa darasa la 11, maana mtihani wa Kiswahili haupo kila shule na hupangwa mapema. Na baada ya miaka 18, akiwa na cheti cha sekondari, kuna kozi ya saa 40 ya ukalimani wa hospitali, kisha kazi ya malipo ambayo soko lake lina upungufu wa watu wa Kongo. Kozi itamfundisha, miongoni mwa mambo ya mwanzo, kwamba mgonjwa akiwa ndugu yake anatakiwa ataje undugu huo na ajitoe.